Vitabu vya Charles Bernstein: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa ushairi, na hasa wanafunzi wa fasihi waliokutana na jina la Charles Bernstein kwenye orodha ya kozi, wakafungua kitabu chake kimoja, wakakifunga palepale. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu swali lenyewe ni zito. Mengine hayahitaji zaidi ya mistari michache.

Bernstein yupi huyu? Ndiye yule wa muziki?

Siye. Leonard Bernstein, mtunzi na kiongozi wa okestra, ni mtu mwingine. Tena yuko Charles Bernstein mwingine, aliyetunga muziki wa filamu ya kutisha *A Nightmare on Elm Street* ya mwaka 1984, na ukitafuta jina hili kwenye intaneti mara nyingi ndiye anayekutangulia.

Wetu ni mshairi, mwandishi wa insha na mwananadharia wa fasihi, mzaliwa wa Manhattan, New York, mwaka 1950. Alisoma falsafa Harvard akamaliza 1972, na tasnifu yake ya shahada ya kwanza ilimsoma mwandishi Gertrude Stein kwa miwani ya mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein. Ukilishika hilo umeshika nusu ya habari yake: kutoka kwa Stein alichukua sentensi inayozunguka bila kufika popote, na kutoka kwa Wittgenstein alichukua wazo kwamba maana ya neno ni namna linavyotumika, si kitu kilichofichwa nyuma yake. Kwa miaka mingi hakuwa mwalimu hata kidogo. Alijipatia riziki kwa kuandika na kuhariri maandishi ya kitabibu, huku mashairi ya mwanzo akiyatoa mwenyewe. Mwaka 1990 alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichopo Buffalo, akahamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2003, akastaafu 2019. Mwaka huohuo wa kustaafu alipewa Tuzo ya Bollingen, ambayo kwa washairi wa Marekani ni mojawapo ya heshima za juu kabisa.

Mkewe, Susan Bee, ni mchoraji, na michoro yake utaikuta kwenye majalada ya vitabu vya mumewe na ndani ya vile walivyotengeneza pamoja.

Lile jarida lenye alama za sawasawa katikati ya herufi lilikuwa na nini?

*L=A=N=G=U=A=G=E* lilianzishwa New York mwezi Februari 1978 na Bernstein pamoja na Bruce Andrews, likaendelea hadi 1981. Wengi hudhani lilikuwa jarida la mashairi. Kwa kweli lilikuwa jarida la watu wanaobishana kuhusu mashairi: mapitio mafupi, barua, insha za ukurasa mmoja, orodha za vitabu vilivyochapishwa na watu wasiojulikana. Mshairi aliyealikwa kueleza kazi ya mwenzake angeweza kuandika kwa mtindo uleule wa hiyo kazi anayoieleza, na hakuna aliyemtaka "aseme kwa lugha nyepesi". Hapo ndipo mazoea ya Bernstein yalipojengeka: hajawahi kukubali kwamba shairi ni pori na insha ni barabara ya lami.

Makala zilizochaguliwa zilikusanywa mwaka 1984 katika *The L=A=N=G=U=A=G=E Book*, iliyotolewa na Southern Illinois University Press. Miaka minne kabla ya hapo Bernstein, Andrews, Ray DiPalma, Steve McCaffery na Ron Silliman walikuwa wametunga pamoja kitabu kimoja, *Legend* (1980), ambacho mara nyingi huwezi kujua nani kaandika nini. Upande wa pili wa nchi, San Francisco na jirani zake, kulikuwa na kina Lyn Hejinian, Silliman mwenyewe na Barrett Watten. Wahakiki huwaweka wote kapu moja. Wao wenyewe walitofautiana sana, na ukimsoma Hejinian baada ya Bernstein utaona: Hejinian ana utulivu, Bernstein ana kelele.

Nianze na kitabu gani?

Ukitaka mashairi, anza na *Girly Man* (2006). Ukitaka kuonja miaka yote kwa pamoja, chukua *All the Whiskey in Heaven* (2010), diwani teule iliyochapishwa na Farrar, Straus and Giroux, ambamo yamo ya tangu miaka ya 1970. Ukitaka insha, *Attack of the Difficult Poems* (2011).

Usianze na vitabu vya mwanzo eti kwa sababu vilitangulia. *Asylums* (1975) na *Parsing* (1976) vilikuwa vijitabu ambavyo yeye na Susan Bee walivitoa wenyewe, na thamani yake utaiona ukishamzoea. Leo vimo ndani ya *Republics of Reality* (2000), mkusanyiko wa kazi za 1975 hadi 1995 ambazo zilikuwa zimetawanyika kwenye vitabu vidogovidogo. *Shade* (1978) na *Controlling Interests* (1980) ni hatua inayofuata, kisha *Islets/Irritations* (1983), *The Sophist* (1987), *Rough Trades* (1991) na *Dark City* (1994). Kati ya hivi mimi humpa mtu *The Sophist*, kwa sababu ndani yake kila shairi limevaa nguo tofauti: hili mazungumzo, lile orodha, jingine mchezo wa kuigiza uliokatikakatika. Hakuna mawili yanayofanana, na Bernstein alikusudia iwe hivyo. Mshairi "aliyepata sauti yake" ni mtu ambaye Bernstein humshangaa.

Nimesoma ukurasa mzima sikuelewa kitu. Tatizo ni mimi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na bahati nzuri mwenyewe amelijibu. Insha ya mwanzo katika *Attack of the Difficult Poems* imeandikwa kama kile kijitabu cha ushauri unachookota kwenye benchi la zahanati. Mwandishi anajifanya mtaalamu, anakutuliza, anakuorodheshea dalili. Je, shairi linakuwia gumu kulifurahia? Msamiati na sentensi zake zinakushinda? Unajikuta ukipambana nalo mara kwa mara? Linakufanya ujione mjinga? Ukijibu ndiyo, basi umepatwa na shairi gumu. Kisha anakupa ushauri wa dhati kabisa huku uso ukiwa mkavu: si kosa lako, wala si kosa la shairi, na wengi wamepitia hali hiyo kabla yako.

Ni mzaha, lakini chini yake pana hoja. Tumezoeshwa shuleni kwamba shairi ni bahasha, na kazi ya msomaji ni kutoa barua iliyomo. "Mshairi anakusudia kusema nini?" Mashairi ya Bernstein hayana barua. Ukiendelea kuisaka utachoka na utaona umedhulumiwa. Swali linalofaa zaidi ni hili: maneno haya yanafanana na maneno ya nani? Shika mishororo kumi ya *Dark City* usome kwa sauti. Utasikia mtangazaji wa biashara, kisha wakili, kisha mtoto anayeimba wimbo wa kuruka kamba, kisha profesa, kisha mtu anayejibu simu. Hawapishani kwa adabu, wanaingiliana kati ya sentensi. Ukishaanza kuwatambua, ukurasa unabadilika. Ndivyo lilivyo pia shairi la zamani, "Asylum", lililojengwa kwa vipande vya maneno kutoka katika kitabu cha mwanasosholojia Erving Goffman kuhusu hospitali za wagonjwa wa akili: sauti ya taasisi, imekatwa, imepangwa upya, na ghafla unausikia ubaridi wake.

Kuna mshororo wake mmoja maarufu, mwanzo wa shairi "The Klupzy Girl", unaosema kwamba ushairi ni kama kuzimia, ila tofauti yake ni kuwa huu unakurudishia fahamu. Mimi naona huo unatosha kuwa maelekezo ya matumizi.

Nimeona shairi lake lililojaa herufi zisizosomeka. Ni makosa ya uchapaji?

Utakuwa umeona "Lift Off", lililomo katika *Poetic Justice* (1979). Si makosa, au tuseme ni makosa matupu kwa makusudi. Taipureta za umeme za wakati ule zilikuwa na utepe wa kusahihishia: ukikosea herufi unarudi nyuma, unaipiga tena, na utepe unaibandua kutoka kwenye karatasi na kubaki nayo. Bernstein alichukua utepe huo, akanakili kila kilichoganda juu yake, kwa mpangilio uleule. Matokeo ni mabunda ya konsonanti, nukta zilizopotea, herufi kubwa katikati ya ndogo. Ni kumbukumbu ya kila kitu ambacho mtu alijaribu kukificha ili kazi yake ionekane safi.

Amewahi kulisoma jukwaani pia, herufi kwa herufi, na hapo linageuka kuwa kitu kingine kabisa, kama kikohozi chenye mdundo.

Ndugu yake "Lift Off" ni *Veil* (1987), ambamo alipiga mistari ya maandishi juu ya mistari mingine mpaka ukurasa ukawa giza. Neno moja moja huchungulia. Sikushauri ujaribu kulisoma lote. Litazame kama unavyotazama kitambaa.

Nadharia yake ni ipi, kwa kifupi?

Soma "Artifice of Absorption", iliyotoka kwanza mwaka 1987 na baadaye kuwa moyo wa kitabu *A Poetics* (Harvard University Press, 1992). Ni insha ya kitaaluma, ina nukuu, ina tanbihi, lakini imeandikwa kwa mishororo iliyokatwa kama shairi. Kila unapotaka kuteleza na hoja, mstari unakatika, unakumbushwa kwamba kuna mtu aliyeutengeneza.

Hoja yenyewe ni kuhusu kuzama. Kuna maandishi yanayotaka msomaji azame asahau kwamba anasoma: riwaya ya upelelezi, shairi la mapenzi lenye sauti moja tamu, tangazo la sabuni. Na kuna maandishi yanayomzuia asizame: yana vipingamizi, kelele, vichekesho visivyo na mahali, sintaksia iliyovunjika. Mpaka hapo ungedhani Bernstein anasifu aina ya pili na kulaani ya kwanza, na wengi wamemsoma hivyo. Sivyo. Anachosema ni kwamba hivyo vipingamizi vyenyewe vinaweza kumzamisha msomaji mahali pa kina zaidi, pale ambapo shairi laini lisingefika, maana laini kila mtu ameshalizoea na hazami tena ndani yake. Jina la insha na sehemu ya msingi wake anamrudishia Veronica Forrest-Thomson, mshairi na mhakiki wa Uingereza aliyefariki akiwa kijana mwaka 1975.

Jambo la pili utakalokutana nalo kila mahali ni kauli yake kuhusu "utamaduni rasmi wa mashairi". Aliitoa mwaka 1983 mbele ya mkutano wa chama cha walimu wa lugha na fasihi wa Marekani, katika mhadhara kuhusu William Carlos Williams, na imo katika *Content's Dream* (1986). Alikuwa akiwasema wahariri wa magazeti makubwa, watoa tuzo na waendesha kozi za uandishi, kwamba wameiteua aina moja ya shairi, lile la "mimi" anayekumbuka jambo dogo akapata ufunuo mwishoni, kisha wakajifanya kwamba hawakuteua chochote, eti huo ndio ubora wenyewe. Aliyataja magazeti na wachapishaji kwa majina.

Wapinzani wake wanasema nini?

Kwamba huyo aliyekuwa akishambulia utamaduni rasmi ameishia kuwa profesa mwenye kiti cha heshima, vitabu vyake vikitoka Harvard na Chicago, na Bollingen mkononi. Ni hoja ya kweli na haijifuti. Yeye mwenyewe aliichezea katika "Recantorium", iliyomo ndani ya *Attack of the Difficult Poems*: anapiga magoti kama Galileo mbele ya mahakama ya kanisa, anakiri kosa moja baada ya jingine, anaomba radhi kwa kila alichowahi kukiamini kuhusu ushairi, na kila toba ni kofi. Inachekesha sana kwa kurasa chache za mwanzo. Baadaye inakuwa ndefu.

Urefu, kwa maoni yangu, ndilo tatizo lake halisi kuliko huo unafiki anaoshutumiwa. Bernstein hana breki. Utani wa maneno ukimjia wa tatu na wa nne ataandika yote minne, ingawa wa pili ndio uliokuwa mzuri. *With Strings* (2001) ina kurasa ninazozipita bila majuto.

Kwa hiyo anachekesha kweli, au ni vichekesho vya wasomi?

Anachekesha kweli, na chanzo chake si chuo kikuu. Ni vichekesho vya Wayahudi wa New York, vile vya kumbi za burudani na redio. Angalia "Of Time and the Line" katika *Rough Trades*. Kiingereza kina neno moja kwa mshororo wa shairi, kauli ya mchekeshaji, aina ya bidhaa anayouza mfanyabiashara, upindo wa gauni na msimamo wa chama, na shairi linatembea juu ya hilo neno moja kama mtu juu ya kamba. Linaanza na mchekeshaji George Burns na sigara yake, ambayo inampa nafasi ya kusubiri watu wacheke. Linapita kwa mchekeshaji mwingine, Henny Youngman. Linafika kwa baba wa mshairi, aliyekuwa katika biashara ya magauni ya kike, si kwa kuyasukuma mtaani kwenye mkokoteni bali ofisini juu ya kiwanda. Kwa mama, anayejali zaidi upindo. Kwa Mwenyekiti Mao. Na njiani, bila kupaza sauti, limeshakufundisha somo la mishororo ambalo vitabu vya kiada hulichosha kwa sura nzima.

Kuna na haya: mwishoni mwa miaka ya 1990 alionekana kwenye matangazo ya televisheni ya kitabu cha namba za simu, pamoja na mchekeshaji Jon Lovitz, akiwa mhakiki anayekisifu kitabu hicho kama kazi kubwa ya fasihi. Mwaka 2000 aliigiza kwa muda mfupi kama Dk. Simon katika filamu *Finding Forrester*, ambayo nyota wake ni Sean Connery.

Jina *Girly Man* limetoka wapi?

Kwa Arnold Schwarzenegger. Mwaka 2004, akiwa gavana wa California, aliwaita wabunge wapinzani wake kwa jina hilo la kuwadharau kwamba si wanaume wa kutosha, kisha akalirudia kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican. Raha ya habari hii ni kwamba msemo ulitokana na kipindi cha vichekesho cha televisheni kilichokuwa kikimwigiza yeye mwenyewe. Bernstein akauchukua tena, akaufanya beji. "The Ballad of the Girly Man" ina vina na kiitikio kama wimbo wa mtaani, na inawaambia wanaume wasione haya kuitwa hivyo katika nchi iliyokuwa vitani Iraki.

Ndani ya kitabu hicho mna vipande vya nathari alivyoandika siku na wiki zilizofuata Septemba 11, 2001, kwenye jiji lake mwenyewe. Havina fumbo. Mtu anatembea, anaona moshi, anasikia watu wakisema mambo, anayaandika. Msomaji anayedhani Bernstein hawezi kuandika wazi aanzie hapo. Kisha asome "War Stories", orodha ndefu ya sentensi zinazojaribu kusema vita ni nini, kila moja ikiipinga iliyotangulia, nyingine za busara na nyingine za kipuuzi, mpaka unajikuta hujui uliyokubaliana nayo ilikuwa ipi. Na asome "In Particular", ambalo ni mfululizo tu wa watu: mwanamume mweusi anasubiri kituo cha basi, mwanamke mweupe ameketi kwenye stuli, Mfilipino anakula kiazi. Hakuna kinachotokea. Baada ya kurasa mbili utagundua umekuwa ukijitungia hadithi kwa kila rangi na kila kabila iliyotajwa, na hadithi hizo zimetoka kwako, si kwake.

Kuna kitabu chake cha huzuni?

*Recalculating* (2013). Binti yao Emma, msanii na mpiga picha, alifariki mwaka 2008, na kitabu hiki ndicho cha kwanza kikubwa cha mashairi mapya tangu hapo. Hakijipangi kama diwani ya maombolezo. Mizaha ipo, misemo iliyogeuzwa ipo, tafsiri za Baudelaire na wengine zipo, na katikati ya hayo yote msiba unachomoza mstari mmoja bila onyo, halafu utani unaendelea. Ndani yake ameliandika upya lile shairi la Fernando Pessoa linalosema mshairi ni mwigizaji, anayeigiza kikamilifu hata maumivu anayoyasikia kwa kweli. Hapa hilo haliwi nadharia tena.

Nasikia ameandika opera.

Ndiyo, kadhaa. Kubwa ni *Shadowtime*, muziki wa Brian Ferneyhough, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Munich mwaka 2004. Maneno yake yalitoka kama kitabu mwaka uliofuata. Inahusu Walter Benjamin, mwanafalsafa Myahudi wa Kijerumani aliyekufa Portbou, mpakani mwa Hispania, mwaka 1940 akiwakimbia Wanazi. Benjamin anashuka kuzimu, na kuzimu huko njia yake inapitia Las Vegas.

Je, hii si sawa na ubishi wetu wa mashairi huru?

Kwa mbali tu. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, vita vilikuwa juu ya vina na mizani, na moja ya hoja zake ilikuwa kuutoa ushairi mikononi mwa wachache kwa kutumia lugha ya mazungumzo ya kila siku. Marekani wakati huohuo vita hivyo vilikuwa vimekwisha zamani, na wa mashairi huru walikuwa wameshinda. Shairi lisilo na vina, lenye lugha ya mazungumzo na sauti ya mtu mmoja anayejieleza, ndilo lililokuwa likifundishwa na kutuzwa. Bernstein aliligeukia hilohilo. Alikuwa akiuliza nani kasema lugha ya kila siku ni ya wote, wakati matangazo, serikali na waajiri ndio wanaotuwekea maneno mdomoni. Na vina, ambavyo kwetu vilikuwa silaha ya wanamapokeo, yeye anavitumia kama fataki: anaviwasha makusudi, vya kitoto, vya kupitiliza.

Anatafsirika?

Ametafsiriwa lugha nyingi, na mojawapo ya mashairi yake bora limetokana na shida ya kumtafsiri. Ziqing Zhang alikuwa akiyapeleka mashairi yake katika Kichina, akamwandikia barua yenye maswali. "A Test of Poetry", lililomo katika *My Way* (1999), ni maswali hayohayo, yamepangwa kwa mishororo, bila jibu hata moja. Unamaanisha nini kwa vipele vya majivu? Huo uitwao bidii ni kazi ya mpangilio, au ni umiliki wa viwanda? Msomaji anacheka mwanzoni, akidhani anamcheka mgeni asiyejua Kiingereza. Kufikia katikati anatambua kwamba mfasiri ndiye pekee aliyeyasoma mashairi hayo kwa uangalifu wote yaliyoustahili, na kwamba yeye msomaji mwenyewe asingeweza kujibu.

Nimsome au nimsikilize?

Msikilize kwanza. Mwaka 1998 alihariri *Close Listening*, mkusanyiko wa makala uliosisitiza kwamba shairi linaposomwa kwa sauti ya mtunzi, huo ni uhai mwingine wa shairi, si pambo la maandishi. Mwaka 2005 yeye na Al Filreis wakaanzisha PennSound, hazina ya rekodi za washairi pale Pennsylvania. Alikuwa ameshaandika masharti mapema: rekodi ziwe za bure, zipakuliwe, na kila shairi liwe faili lake lenye jina lake, ili mtu asilazimike kusikiliza saa nzima kutafuta dakika mbili anazozitaka. Kwa mwanafunzi mwenye bando dogo hilo sharti la mwisho ni neema. Rekodi zake mwenyewe zimo tangu miaka ya 1970. Ana sauti ya mnadi wa sokoni aliyesoma falsafa, na ukiisikia mara moja utaendelea kuisikia ukisoma.

Vitabu vya karibuni ni vipi?

*Pitch of Poetry* (2016) ni insha na mahojiano. Mahojiano ndiyo bora. *Near/Miss* (2018) na *Topsy-Turvy* (2021) ni mashairi, vyote kutoka University of Chicago Press. Zamani, katika *Girly Man*, alikuwa na shairi linaloanza kwa kujitangaza kwamba ni shairi jepesi kabisa lisilo na kitu cha kumtatiza yeyote. Katika *Near/Miss* utakuta pacha wake, linalojitangaza gumu lisiloingilika, kwa maneno mepesi yaleyale. Yasome siku moja.

Mimi ni mwalimu. Nitaanzaje darasani?

Usianze na mhadhara. Tangu Buffalo, Bernstein alikuwa na orodha ndefu ya majaribio ya kusoma kwa kuandika, akifuata orodha ya mshairi Bernadette Mayer, na imewekwa wazi kwenye Electronic Poetry Center, hazina ya ushairi ya mtandaoni. Chukua shairi lolote, ufute nomino zote, uwape wanafunzi wajaze zao. Au chukua shairi la lugha ambayo hakuna anayeijua darasani, waandike kwa Kiswahili kile wanachodhani wanakisikia, neno kwa neno, sauti kwa sauti. Au wasome mishororo kuanzia wa mwisho kurudi wa kwanza, kisha wabishane ni upi ulioharibika na upi uliopona. Baada ya hapo wape ukurasa wa *The Sophist* bila kuwaambia ni wa nani. Wanafunzi waliokwisha kuchafua mikono hawaulizi tena mshairi anakusudia kusema nini. Wanauliza ametumia njia gani, na wakati mwingine wanaipata.